Una eka chache za mafunjo au mawe kando ya ziwa na hutaki kuziuza? Anzia hapa

Kila nikimwambia mtu kwamba kwetu Magu, mkoa wa Mwanza, tuna eka 7 kando ya Ziwa Victoria ambazo hatulimi, hatujengi na hatuuzi, swali linalofuata ni lilelile, "kwani zina kesi?" Mtu wa huku akiona mafunjo yamesimama, migunga imefungana na pimbi wanaota jua juu ya mawe, anajua hapo ndugu wanagombania mirathi au mwenyewe yuko Dar kashasahau. Na shida yote inaanzia hapo hapo. Pori likionekana halina mwenyewe litaingiliwa tu, leo ng'ombe, kesho mtu wa mkaa, keshokutwa unakuta tipa linapakia mchanga na dereva anakushangaa wewe. Kwahiyo kazi ya kulinda pori lako binafsi, sanasana, ni kulifanya lionekane linatumika huku wewe hulibadilishi. Hatua zote hapa chini zinazunguka hapo.

Alafu usidhani haya ni mambo ya wazungu. Wasukuma tuna ngitili toka enzi, unafunga kipande cha malisho mvua zikianza, nyasi na miti vinapumzika, unakifungua kiangazi kikikolea ng'ombe wasife. Shinyanga kule miti ilifyekwa sana miaka ya nyuma kwa ajili ya kufukuza mbung'o, pamba ikaja, mifugo ikaongezeka, mpaka nchi ikabaki uwanja. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na walichofanya kikubwa ni kuwarudisha watu kwenye ngitili zao, nyingine za kaya moja moja na nyingine za kijiji kizima. Mpaka mradi unafungwa 2004 zilikuwa zimerudi zaidi ya hekta 300,000. Hekta hizo! Na nyingi ni vipande vidogo vidogo vya watu wa kawaida vilivyojumlishwa.

Na ukisema eneo lako dogo, Saanane pale mjini Mwanza ni kilomita za mraba 2 na ushee na ni hifadhi ya taifa toka 2013, ina pimbi, ina mijusi, ina ndege kibao, boti dakika chache tu kutoka mjini.

HATUA YA 1: Litembelee mwaka mzima kabla hujagusa kitu

Najua una hamu ya kupanda miti. Subiri kwanza. Mimi mwaka wa kwanza nilipanda miche mingi sana mahali ambapo maji huwa yanapanda masika, yote ikaoza, na bibi mmoja jirani alikuwa ananiangalia siku zote hizo akidhani nalima mpunga wa aina mpya.

Nenda kiangazi, nenda mvua zikianza mwezi wa kumi kumi na moja, nenda mwezi wa nne. Chora ramani hata kwenye daftari la shule, maji yanaishia wapi kila msimu, njia za watu ziko wapi, ng'ombe wanashukia wapi kunywa, nani anachota maji wapi, kichuguu kiko wapi, kaburi liko wapi. Makaburi na sehemu za matambiko usizichukulie poa, mara nyingi miti mikubwa iliyobaki eneo zima iko hapo hapo maana watu waliiogopa.

Vaa gambuti. Kichocho ukanda wetu ni kingi na kinakaa kwenye maji haya haya yaliyotulia yenye majani, kwahiyo ule mtindo wa kukunja suruali uingie peku achana nao. Asubuhi sana na jioni usisogee kwenye ukingo wenye mafunjo ukiwa peke yako, kiboko anatoka kula majani usiku na ukimkuta njiani wakati anarudi majini hana salamu. Mamba unamjua.

Sasa unatafuta nini? Kama una mafunjo, jua umekalia hazina. Mizizi yake inashika tope, na Ghuba ya Speke yetu inapokea tope la kutosha kutoka Mto Simiyu na mito mingine. Ndani yake samaki wadogo wanajificha. Kuna jambo watu wengi hawalijui, sangara waliowekwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 walikula furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa letu, mpaka aina nyingi hazionekani tena, lakini sangara anataka maji yenye hewa nyingi, maji ya ndani ya mafunjo hewa ni kidogo, hapawezi. Furu wengine, kambare na kamongo wanapaweza. Kwahiyo yale majani unayoyaona uchafu ndio yalikuwa maficho. Kwenye miamba nako vilevile, furu wa mawe walibaki kwenye mianya. Na juu ya mafunjo kuna ndege wa mafunjo tu, yule mwenye kifua chekundu, mgongo mweusi na utosi wa njano, mafunjo yakiondoka na yeye kaondoka, hana pa kuhamia.

Kama una mawe badala ya mafunjo, unao pimbi, na unaye yule mjusi dume mwenye kichwa cha waridi na mwili wa bluu ambaye watoto wanamtupia mawe. Wataalamu wanamwita Agama mwanzae, yaani amepewa jina la Mwanza yetu. Adui wa mawe ni kokoto. Watu wanawasha moto juu ya jiwe mpaka linapasuka, alafu nyundo. Jiwe halioti tena, mti unaota.

Piga picha kila kona, sehemu ile ile kila baada ya miezi mitatu, simu yako iweke tarehe. Utakuja kuona faida yake kwenye hatua ya 3.

HATUA YA 2: Majirani kwanza, kabla ya ofisi yoyote

Hapa ndipo wengi wanafeli, mtu anaanza na bango "HAIRUHUSIWI KUINGIA" wakati watu wamepita hapo miaka arobaini. Nilikuwa naelekea huko huko. Siku moja nikamkuta mama mmoja ndani ya mafunjo na panga lake, mtu mzima, nikamsogelea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunifukuza?"

"Hapana mama, nimekuja kuuliza huwa unakata upande gani."

Akacheka, akanikalisha chini pale pale. Akaniambia yeye anakata mafunjo yaliyokomaa tu, anakata juu ya maji, hang'oi, machanga anayaacha, na akikata upande huu mwaka huu basi mwakani anahamia kule maana yale ya kwanza yanahitaji muda kurudi. Anasuka mikeka ya kuezekea na kuanikia. Alafu akanyoosha kidole upande wa pili ambako kijana mmoja alikuwa ameng'oa mizizi na kuichoma apande nyanya. "Mimi nakata nywele, yule anachuna ngozi," akasema.

Toka siku hiyo yule mama ndiye mlinzi wangu mkuu, na simlipi. Tulikubaliana yeye na wenzake wawili watatu wakate kwa zamu, upande mmoja kwa mwaka, na wakiona mtu anang'oa wanipigie. Kwao pale ni pesa, watapaachaje?

Kwahiyo zunguka kaya zote zinazopakana na wewe. Nenda na sukari, kaa, usiende na karatasi siku ya kwanza. Uliza wanachukua nini pale, kuni, majani ya kuezekea, dawa, maji, mboga, alafu amua kipi kiendelee, kipi kipunguzwe na kipi kiachwe kabisa. Ukikataza vyote watu watakuja usiku. Njia ya watoto kwenda shule na njia ya kisimani usizifunge kabisa, tena zifyeke ziwe safi, njia safi inaonyesha pana mwenyewe.

Alafu mwenyekiti wa kitongoji na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wajue kutoka kinywani mwako. Sungusungu wakiwa na wewe ng'ombe hawaingii hovyo.

HATUA YA 3: Karatasi

Hii ndefu, vumilia.

Ardhi ya Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, wewe unamiliki haki ya kuitumia. Kijijini karatasi yako ni hati ya hakimiliki ya kimila, inatolewa na kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, inasajiliwa wilayani. Mjini Mwanza, yaani Nyamagana na Ilemela, ni mambo ya viwanja na ramani za mipango miji, huko nenda kwa maafisa ardhi moja kwa moja, na fanya haraka maana mji unakuja na tingatinga.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Sheria hiyo hiyo ya vijiji ina kipengele cha ardhi iliyotelekezwa. Ardhi ikikaa miaka 5 haijakaliwa wala haijatumika kijiji kinaweza kuanza mchakato wa kusema imetelekezwa. Umeona mtego? Wewe unasema unahifadhi, jirani mwenye jicho na eneo anasema umetelekeza, na mbele ya mkutano mkuu yeye anaeleweka haraka kuliko wewe. Dawa yake ni kuandikisha matumizi. Kwenye fomu ya maombi usiandike "shamba" kwa mazoea, na usiache wazi. Andika ngitili, ufugaji nyuki, hifadhi ya miti ya asili, uvunaji wa mafunjo, kila unachofanya kweli. Zile picha za kila miezi mitatu zichapishe uweke kwenye faili, mizinga inaonekana, mkinga moto unaonekana, mama na mafunjo yake anaonekana. Mtu akisema halitumiki unafungua faili.

Mchakato wenyewe: maombi kwa mtendaji wa kijiji, halmashauri ya kijiji inajadili, kamati inakuja shambani na majirani wote wa mipakani wakiwepo, wanapima, kila mmoja anasaini, ndio hati inaandaliwa. Kijiji kiwe na cheti chake cha ardhi, na kama kina mpango wa matumizi bora ya ardhi ni vizuri zaidi, maana ukiomba eneo lako na la majirani liwekwe kwenye mpango kama ukanda wa hifadhi au malisho inakuwa siyo wewe tu unasema, ni ramani ya kijiji inasema. Hudhuria ile mikutano. Inachosha, inaanza saa nne inakuwa saa nane, lakini ramani inachorwa na waliofika.

Faili letu lilipotea mara mbili kwenye ofisi moja ambayo siitaji. Toka hapo kila karatasi napiga nakala tatu na kila nikipeleka kitu naomba aliyepokea agonge muhuri kwenye nakala yangu.

Kuna ishu ya mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Wengi wanaichukia hii sheria kwa sababu inawazuia kujenga. Wewe unayelinda ndio silaha yako. Mtu akija kulima nyanya mpaka kwenye maji au kuchimba mchanga huna haja ya kubishana kuhusu mpaka wa babu yako, unasema tu hapa ni ndani ya mita 60, na unaripoti kwa mtendaji, kwa afisa mazingira wa wilaya, na NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, wana ofisi ya kanda Mwanza. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria nao wako Mwanza, wao maji na vyanzo ni kazi yao. Ila na wewe sheria inakubana, usijenge kibanda chako cha kupumzikia mule ndani.

Na ujue ziwa linasogea. Mwaka 2020 lilipanda mpaka nyumba za watu zikaingia maji, bikoni yetu ya chini, yaani alama ya mpaka, ikazama kabisa, ukiitafuta unaipapasa kwa mguu. Ukipima mipaka chukua alama za kudumu za juu, jiwe kubwa, mkuyu, na namba za GPS ziandikwe kwenye hati.

Ukiweza shawishi kijiji kitunge sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu unajadili, halmashauri ya wilaya inapitisha. Faini ya kijiji inauma zaidi kuliko kesi ya mahakamani ambayo itaisha watoto wako wakiwa na wajukuu.

HATUA YA 4: Mpaka

Minyaa. Sina la kuongeza sana, babu zetu walizungushia kaya kwa minyaa na mpaka leo unaona mistari yake hata pale ambapo nyumba imeshaanguka. Unakata vijiti, unaacha vikauke utomvu siku chache, unachomeka. Ng'ombe hali, mtu haibi, haihitaji maji. Utomvu wake tu usiingie machoni, ni hatari kweli, vaa miwani yoyote na nawa mikono. Seng'enge usinunue, kwanza bei, pili itaibiwa, tatu inakata wanyama wanaopita usiku. Na upande wa ziwani usizungushie kitu, kenge, fisi maji na kiboko wanahitaji kupanda na kushuka.

Bango moja linatosha, kwa Kiswahili cha kistaarabu: "Ngitili ya ukoo. Karibu, omba ruhusa." Weka na namba ya simu.

HATUA YA 5: Moto

Miaka mitano ya kazi inaisha mchana mmoja. Mwezi wa sita nyasi zikiwa bado na ubichi, fyeka mkinga moto kuzunguka upande wa nchi kavu, upana wa mita 4 hivi, kwangua mpaka udongo uonekane. Ukichelewa mpaka mwezi wa nane umechelewa kweli, kila kitu ni petroli.

Jifunze upepo wa hapa. Mchana unavuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka. Kwahiyo anayewasha moto shambani kwake jioni akaenda kulala, usiku huo moto unarudi kwenye mafunjo yako. Nimeshawaambia majirani wote, ukitaka kuchoma shamba nipigie, nakuja na vijana wawili na matawi mabichi tunachoma wote asubuhi upepo haujaamka, na mtendaji ajue. Inanigharimu siku moja na soda.

Warina asali wa kienyeji wanaopita na vienge vya moto ni chanzo kikubwa kingine, na dawa yake iko hatua ya 7.

HATUA YA 6: Acha viote

Watu wakisikia hifadhi wanakimbilia miche. Tembea kiangazi uangalie chini, utakuta visiki vimechipua vichipukizi kumi, ishirini, mbuzi wanavikata kila mwaka. Mizizi iko hai chini, ina miaka. Kule Dodoma wanaita kisiki hai. Unachagua vichipukizi viwili vitatu vilivyonyooka na vyenye nguvu, vingine unakata, hivyo ulivyobakiza unapunguza matawi ya chini mpaka nusu ya urefu, unafunga kitambaa ili watu wajue huu mti una mtu. Kila baada ya miezi michache unarudi kupunguzia. Basi. Mti wa kisiki unakimbia kuliko mche wa kupanda kwa sababu mizizi tayari iko na maji.

Palipo peupe kabisa ndio upande, na panda vya hapa hapa, mkuyu, mkwaju, mgunga, mzambarau mwitu kwenye unyevu. Mkuyu hauhitaji hata kitalu, kata tawi nene refu kama fimbo ya mchungaji, chomeka mvua zikianza mwezi wa kumi na moja. Ukizaa matunda ndege watakupandia mengine wenyewe bure.

Mikaratusi karibu na maji hapana. Najua ina hela ya nguzo, iweke mbali huko juu, inakunywa sana na chini yake hakuoti kitu. Iliyopo tayari ivune taratibu, usiikate yote siku moja ukaacha ukingo mtupu.

Gugumaji likisukumwa na upepo likajaa kwenye ghuba yako, livute nje ulirundike juu mbali na maji likauke, uozeshe liwe mbolea. Usimgawie mtu akapande kwenye bwawa lake eti lina maua mazuri. Niliwahi kuombwa.

HATUA YA 7: Matumizi yasiyoharibu

Nyuki ndio mchongo mkuu. Mizinga kumi inaonekana kutoka mbali na hakuna mwizi wa kuni anayetaka kukata mti wenye mzinga, huyo ni mlinzi wa saa 24 asiyeomba mshahara. Ining'inize kwa waya, waya upake grisi siafu wasipite, iwe mbali na njia za watu na ng'ombe. Wale warina asali niliosema, wawili niliwapa mizinga miwili miwili ndani ya eneo. Sasa wanarina kwa bomba la moshi, na wao ndio wakali kwa wanaopita na vienge.

Majani: fanya ngitili ya kweli kwenye kipande cha juu kisicho na maji. Funga mvua zikianza, fungua mwezi wa nane kwa makubaliano, ng'ombe wa majirani wanaingia kipande kwa kipande kwa siku zinazojulikana. Wengine wa mambo ya hifadhi watanipinga hapa, wanataka ng'ombe asikanyage kabisa. Mimi nasema jirani akiwa na faida yake kwenye nyasi zako kiangazi hatakuchomea.

Utalii usikupe presha. Tumepata wageni wachache wa kuangalia ndege, wanalala mjini Mwanza, wanakuja asubuhi, kijana wa hapa mwenye mtumbwi anawazungusha, analipwa yeye. Kama una darubini na programu ya eBird kwenye simu anza kuandika ndege unaowaona, furukombe, mnandi, mdiria, yangeyange, orodha ikikua wageni wanaikuta wenyewe.

Kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ukaa ambayo miti yako inaihifadhi: watakuja watu wamevaa vizuri wanataka usaini miaka 30. Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni toka 2022 na kuna kituo cha taifa cha kusimamia kiko SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, mwulize mgeni wako kama amesajiliwa huko. Eka 7 hazina kaboni ya kumlipa mtu, labda muungane kijiji kizima. Usisaini kitu usichokielewa na usimpe mtu hati yako "akaipige kopi".

HATUA YA 8: Upande wa maji

Ardhi ni yako, maji siyo yako, hapa usijidanganye. Nenda kwa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo wenu, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ukae nao. Nyavu za kokoro na timba ni haramu tayari, na uvuvi wa katuli, ule wa kupiga maji, nao, kwahiyo huombi kitu kipya, unaomba tu sehemu ya mafunjo yako wapape kipaumbele kwenye doria na wavuvi wasiingie pale samaki wanapozaa. Wavuvi wazee wanaelewa hilo haraka kuliko mtu yeyote, wao ndio walionionyesha ningu walikuwa wanapandia kijito gani mafuriko yakija.

Kuna mfano mzuri wa hii kazi nchini, kisiwa cha Chumbe kule Zanzibar. Ni hifadhi ya matumbawe inayoendeshwa na kampuni binafsi, serikali ya Zanzibar iliitangaza 1994, na askari wao ni wavuvi wa zamani waliofundishwa. Sio walinzi wa kukodi kutoka mbali, ni watu wanaojua nani anavua wapi saa ngapi. Gharama wanalipia kwa wageni wanaolala kisiwani. Sisi hatuna hoteli lakini kanuni ya kuchukua wavuvi wenyewe tunaiweza.

Na wanyama wakileta shida? Watakuja, ukiwa na pori watakuja. Kiboko kaingia kwenye mpunga wa jirani, jirani hatamlaumu kiboko, atakulaumu wewe. Mnyamapori ni mali ya serikali, usimuue, usimtege, usimfuge hata mtoto wake. Piga simu kwa afisa wanyamapori wa wilaya siku hiyo hiyo, piga picha za hasara, msaidie jirani kujaza fomu za kifuta jasho. Hela yenyewe si kubwa na inachelewa, lakini wewe kuwa pale na kalamu asubuhi ile ndio kitu atakachokumbuka.

HATUA YA MWISHO: Ukoo

Baba mdogo wangu aliwahi kuleta mteja akiwa mimi niko safari. Mteja alishapima kwa hatua zake. Ikabidi tuitishe kikao cha ukoo, mbuzi akachinjwa, maneno yakasemwa mengi mengine sitayaandika, mwisho tukaandika muhtasari: eneo haliuzwi wala haligawanywi bila wote kusaini, mapato ya asali yanagawanywa hivi na hivi, shangazi na dada zangu majina yao yamo kwenye hati sawa na sisi, na baba mdogo ndiye mwenyekiti wa eneo. Hiyo ya mwisho ilikuwa wazo la mama. Tangu amekuwa mwenyekiti hakuna aliyethubutu kuleta mteja, na kila Jumapili anakagua mizinga amevaa koti.

Muhtasari uko nakala tatu, moja kwa mtendaji, moja kwa baba mdogo, moja kwenye sanduku la bati la mama. Ile ya kwanza tuliiweka darini panya wakaila, kwahiyo na wewe yako iwekee plastiki.